Treni Iliyofunikwa Khanga

Juzi, kwenye duka la vifaa vya shule ninakouza hapa Majengo, wazee wawili waliegemea kaunta wakigombea simu moja. Wote hukusanya treni ndogo za bati. Fundi wao wa Makole alikuwa amewatumia picha ya treni mpya atakayoitoa Jumamosi, kaifunika khanga.

"Hii ni ile ya umeme," alisema mwenye kofia. "Ona pua ilivyochongoka."

"Pua gani, bwana? Khanga imejikunja tu," alijibu mwenzake. "Safari hii katengeneza ile ya zamani. Marehemu mke wangu aliletwa Dodoma na ile, bibi harusi, kakalia sanduku lake. Nataka niiweke sebuleni."

"Kila mwaka unasema hivyo."

Mwenzake akanigeuzia simu. "Binti, wewe macho yako bado mazima. Unaona nini?"

Pua ilionekana wazi. Niliishia kidato cha pili, lakini hata darasani sikuwahi kuulizwa swali gumu namna ile.

"Naona khanga, babu."

Mwenye kofia alinitazama, kisha akafuta kioo cha simu kwa kidole. "Kweli," akasema taratibu, "imejikunja."

Jumamosi itasema yenyewe. Haina haja ya kusaidiwa na sisi.