Sabuni ya Mdogo Wangu

Juzi, sokoni Kibagabaga, nilinusa sabuni ya mawese, nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni mwangu. Mama alikuwa ametoka hospitali alikokwenda kujifungua, akarudi mikono mitupu. Sabuni aliyomtengenezea mtoto kabla ya kwenda ilikuwa imekataa kushikana, mafuta yakielea juu. Aliirudisha sufuriani, akaikoroga juu ya moto mdogo mpaka ikawa nzito kama uji.

"Mama, mbona unalia?"

"Ni magadi, mwanangu. Yanawasha macho."

Nilimwamini. Sikujua kwamba mdogo wangu ameshazikwa.

"Sasa mtoto tutamwogesha lini?"

Mama aliiepua sufuria. Sabuni ilipopoa na kuganda, alikata kipande cha kwanza, akaniogesha mimi, polepole, akinishika shingo kama kichanga, ingawa nilikuwa tayari nasoma shule.