Nafasi Tupu Kwenye Mstari wa Majina

Mkwe wangu walimuua mchana, kwenye bariyeri, kizuizi cha wenye silaha kwenye njia ya Gatumba, na mi nilikuwa karibu kiasi cha damu yake kunirukia kitengeni. Nasema kabisa mapema ili anayesoma asikae akingoja apone. Hakupona. Ninachotaka kueleza ni habari ya mtoto wake.

Nyumba yetu ya Cibitoke ilichomwa na vijana wa mtaa wa pili, wale wale waliokuwa wakija kununua ndagala, dagaa wa ziwani, kwangu, wakinisalimu mama asubuhi na mama jioni. Mume wangu walimkata mlangoni. Tuliobaki tukakimbilia uwanja wa kanisa: mi, binti yangu mwenye tumbo kubwa, na mume wake.

Huyo mkwe alikuwa akifanya kazi kwenye biro moja ya msaada, upande wa kompyuta. Biro ikapata kamyo ya kututoa mjini. Mkubwa wa bariyeri akakubali tupite kwa sharti moja: apewe karatasi ya majina, na asiyekuwemo hapiti. Majina hayo hayo yalitakiwa yatangulie kambini Gatumba kwa redio, na mashine ya redio ilikuwa haipokei orodha, inataka maneno yaliyoshikana mstari mmoja. Basi mkwe akaiandikia kompyuta maagizo. Alinieleza uwanjani, mi nikichambua maharagwe.

"Mabukwe, ni kama mnavyotunga samaki kwenye ukindu," akasema. Mabukwe ndivyo kwetu mkwe anavyomwita mama wa mkewe. "Inachukua jina la kwanza, inaweka koma, inaunga la pili, koma, la tatu, mpaka yanakuwa neno moja refu."

"Na pasipo na samaki?"

"Inaruka. Zamani ilikuwa hairuki, koma zinafuatana mbili, watu wa redio wanafikiri ujumbe umekatika. Nikaiambia, palipo tupu pita."

Nikaona ni akili. Nikaendelea kutoa mawe kwenye maharagwe.

Binti yangu akajifungua mtoto wa kiume kwenye stoo ya kanisa, juu ya magunia. Kwetu mtoto hapewi jina siku anayotoka tumboni. Analala na mama yake ndani mpaka siku ya nane, watoto wa jirani wanakula chakula chake, ndipo watu wa baba yake wanamtaja. Kabla ya hapo hata baba mwenyewe haweki neno mahali pa jina. Kwa hiyo mkwe alipoandika watu wa kamyo, alimhesabia mtoto mstari wake, akauacha mweupe. Ndivyo mtu aliyelelewa vizuri anavyofanya. Ila kompyuta haikulelewa na mtu. Ilipounganisha, ikaruka, na karatasi ya bariyeri ikatolewa humo humo.

Hakuna aliyeona. Tukapanda.

Bariyeri ilikuwa kamba tu, imevutwa toka mti mmoja hadi mwingine, kulia matete, kushoto matete. Mkubwa wao, wanamwita shefu, alisoma karatasi. Ukisikia jina lako unashuka, unavuka kamba, unangoja kamyo upande wa pili. Fundi viatu mmoja alikuwa amepanda bila kuandikwa. Majina yalipokuwa yakielekea kwisha na yeye bado amekaa, walimvuta kwa mguu wakampiga kwa rungu la misumari. Alilia kidogo tu. Kisha tukawa tunasikia rungu peke yake.

Binti yangu akaitwa.

"Huyo mu kitenge ni nani?" shefu akauliza.

"Ni mutoto wangu."

"Jina?"

"Hajapewa bado."

"Asiye na jina mi simujui. We pita, yeye abaki."

"Shefu, muandike Muzigo!" mmoja wao akapiga kelele, wenzake wakacheka.

Mkwe wangu akaruka chini kutoka kwenye kamyo. "Shefu, kosa ni langu. Mashine inaruka palipo tupu. Nafasi yake niliiacha, nilikuwa nangoja siku ya nane..."

"Inaruka? Na we ruka tuone!"

Wakampiga magotini kwa kitako cha bunduki. Akaanguka. Wakampiga mdomoni, meno yakatoka pamoja na maneno. Yule mcheshi akamshika mtoto mguu mmoja, akamvuta kutoka kifuani kwa mama yake, akamning'iniza kichwa chini kama kuku wa sokoni. Mtoto hakulia. Hilo ndilo lililoniteremsha.

"We mwanangu," nikamwambia shefu, "ulipewa jina siku ile ile uliyozaliwa?"

"Apana."

"Kwa hiyo siku hizo zote ulikuwa si mtu?"

"Bibi, usinifundishe mambo ya kwetu. Taja jina sasa hivi niandike. Ukikawia anaenda mu matete."

Kutaja si haki yangu. Mi ni upande wa mama. Baba wa mkwe alikuwa ameshauawa, na mkwe mwenyewe yuko chini, mdomo umejaa damu. Nikamtazama. Akainamisha kichwa kukubali. Nikataja jina, kwa sauti.

Shefu akaweka karatasi juu ya boneti, akatia koma kwa mkono wake, akaandika. Kisha akasema, "Limeingia moja. Karatasi imezidi. Moja litoke."

Hakuuliza lipi. Akachora mstari juu ya jina la mkwe wangu, na mwenye panga hakungoja aambiwe.

Nilimpokonya yule mcheshi mtoto, nikamshika binti yangu shingoni, nikamsukuma avuke kamba. Aliniuma mkono mpaka mfupa. Sikumwachia.

Gatumba, karani alikuwa na ujumbe wa redio kama ulivyotumwa asubuhi. Akaita majina. Akaita la mkwe wangu. Akarudia.

"Amekufa," nikasema. "Kata. Andika huyu mtoto."

"Mama, siwezi kugusa ujumbe. Lazima niulize Bujumbura."

"Uliza. Lakini andika kwanza."

Akatazama kitenge changu. Akaandika, "mtoto mchanga", bila jina, maana binti yangu alinifunika mdomo kwa kiganja nisilitaje.

Siku ya nane ilitukuta humo humo kwenye hema. Binti yangu akasema, "Mama, lile la bariyeri sitaki kulisikia. Ataitwa kama baba yake." Niliona mtoto anavuka nalo, hiyo ilinitosha. Nikapika maharagwe, nikayamwaga kwenye ungo, watoto wa hema za jirani wakayala kwa mikono, wakapigana kwa yaliyonata pembeni. Binti yangu akainama, akamwambia mwanawe jina sikioni.

Mi lile langu la bariyeri sijalitamka tena.