Kaka Yangu Alipogoma Kuitikia kwa Kichwa

Kaka yangu Mayige alichoka masikio kabla ya mwili. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi kwenye mashine za kuchambua pamba hapa Bariadi, na alipostaafu alikuwa anasikia radi tu na matusi. Mwaka juzi, hospitalini Mwanza, wakampa vifaa viwili vya kusikia, vya kuvaa nyuma ya masikio. Tukashangilia, tukadhani tumemaliza.

Kumbe kazi ndiyo ilianza. Zamani mtu akitaka kuongea naye alimsogelea, akamgusa bega, akamtazama usoni. Baada ya vifaa, kila mtu akawa anamwita akiwa jikoni, amempa mgongo, na asipoitika tunamsema: "Si umevaa mashine?" Mimi ndiye niliyeongoza, nakiri. Hatukujua kwamba mashine haichagui. Inamletea sufuria, kuku, pikipiki na maneno vyote kwa pamoja, halafu yeye akae achambue, kama vile hakuichambua pamba vya kutosha. Kila siku saa kumi ameshaishiwa nguvu. Anavivua, anaviweka kwenye kikopo cha mafuta ya kupaka, anakaa tu. Tukasema ameanza kiburi.

Siku ya bukwilima, yaani mapatano ya mahari, wageni walipokuja kutoka Ipililo kumposa binti yake Minza, alinivuta pembeni asubuhi.

"Maganga, habari za ng'ombe ongeeni ninyi. Mimi nataka kusikia kitu kimoja tu, jibu la mtoto."

Kwetu ng'ombe hawapokelewi mpaka binti aitwe, mzazi wake amuulize mbele ya watu wote, naye ajibu mwenyewe. Mama yake Minza alishafariki, kwa hiyo swali lote lilikuwa juu ya Mayige.

Tulibishana mpaka saa tisa, watu kumi kwa wakati mmoja, chini ya bati. Saa sita nilimwona akipeleka vidole masikioni, akavizima vifaa. "Nayatunza masikio," aliniambia. Wageni wakimuuliza jambo, nilimgonga goti, naye akaitikia kwa kichwa. Ndivyo alivyoishi miaka yote ya uziwi: watu wakicheka anacheka, wakikubali anakubali. Ilinikera, lakini pia ilikuwa inaturahisishia mambo.

Minza akaitwa. Akapiga magoti mkekani, khanga imemfunika, uso chini kama adabu inavyotaka. Mayige akawasha vifaa, akauliza kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani.

"Ng'wanone, mwanangu, ng'ombe hawa tuwapokee?"

Pakapita kitambo kidogo. Kisha shangazi zake wakapiga vigelegele, mshenga akapiga makofi, nami nikamgonga kaka goti. Kilichobaki ni kichwa chake tu.

Hakuitikia. "Sijasikia," alisema.

Niliona aibu mbele ya wageni. "Amekubali, kaka. Wote tumesikia."

"Mimi sijasikia. Nyamazeni kwanza."

Sijawahi kumwona amechoka vile. Macho yalikuwa mekundu, na ilimbidi ashike kiti ili ainuke. Lakini aliinuka, akaketi mkekani mbele ya binti yake, baba mzima mbele ya wakwe, akaifunua ile khanga kwa vidole viwili.

"Niangalie, mwanangu. Umesema nini?"

Minza akainua uso. Akamjibu taratibu, kinywa wazi, kila neno mahali pake, namna alivyozoea kuongea na baba yake tangu mdogo, kabla sisi hatujaacha kujisumbua kumtazama usoni.

"Sijasema kitu, baba. Sitaki."

Mimi masikio yangu ni mazima. Nilikuwa nimesikia ndiyo.