Shujaa wa Nyuma ya Shuka

Asubuhi ile baridi ya kijiji cha Yakobi iliganda mpaka jogoo akawika sauti isitoke. Ikaja kusikika saa nne, jua lilipoiyeyusha. Anayebisha hakuwapo. Tabea alikuwapo, kwani ndiyo asubuhi aliyorudi kutoka Makambako kwa dada yake Idda, juu ya lori la magunia, na habari aliyoibeba ilikuwa nzito kuliko magunia yote.

Nyumbani alimwacha mumewe, Mika. Mika alikwenda vita vya Burma na mikono miwili, akarudi nayo yote miwili, ila wa kulia ulirudi ukitetemeka kama jani la mhindi. Mganga wa misheni aliushika, akaugeuza huku na huku, akasema mfupa ni mzima, kinachotetemeka ni moyo. Mika akaona aibu. Mtu mzima atampaje mwenzake mkono unaorukaruka kama panzi? Na wa kushoto haupewi mtu mwenye heshima zake. Basi mgeni akiita "Kamwene!" mbele ya nyumba, Mika anatokea mlango wa nyuma, anajitia kwenye mianzi. Miaka mitatu hivyo. Ikafika mahali mianzi ikimwona inajisogeza yenyewe kumpisha.

Sasa Jumamosi alikuwa anakuja mshenga, Mzee Lukas, pamoja na watu wa Tandala, kumposa Ema, binti wa Tabea na Mika, kwa ajili ya kijana wao. Baba asipowapa wageni mkono, wageni watajua wamekataliwa, watarudi kwao. Na Ema alivyompenda kijana yule, siku hizo alikuwa anatia chumvi kwenye chai na sukari kwenye maharage.

Tabea alimkuta Mika jikoni, uso ukutani. Hata mzigo hakuutua.

"Baba Ema, nimemwona mtu anaruka juu ya mapaa."

Mika akausogelea ukuta zaidi.

"Gari la sinema lilikuja, wakatandaza shuka kati ya miti miwili, mtu akatokea humo. Ana joho, ana nyota kifuani. Kapiga majambazi kumi na wawili!" Makambako majambazi walikuwa wanne, njiani wakazaana. "Na anapiga kwa kushoto."

Mika akageuka. "Kushoto?"

Hapo Tabea hakudanganya. Mbele ya shuka watu walijaa, yeye na Idda wakakaa nyuma yake, ambako picha inapenya imegeuka, wa kulia unakuwa wa kushoto. Maandishi nayo yalipita kinyumenyume, lakini yeye hakupata kusoma hata siku moja, hayakumpa taabu.

"Na wa kulia una nini?" akauliza Mika. Tangu mvua zianze hakuwa amesema maneno mengi hivyo.

Sasa ndipo Tabea alipodanganya. "Unatetemeka! Aliokoa mji mzima, woga wote wa mji ukamwingia mkononi. Anauficha ndani ya joho. Watu wanamsalimia kwa kushoto, na wanaringa nao."

Tangu siku hiyo hakupumua. Akichota maji, Mika yuko nyuma yake. "Anakula kwa upi? Mkewe anasemaje?"

"Mkewe anamsifu sana. Ila anataka atoke mianzini."

"Huko nako kuna mianzi?"

"Tele."

Jumamosi wageni wakafika. "Kamwene!" akaita Mzee Lukas. Tabea akatazama mianzi, Ema akafumba macho. Mlango wa mbele ukafunguka. Mika akatoka amejifunga blanketi la jeshi shingoni, mkono wa kulia ndani, akamnyoshea mshenga ule mkono wa kushoto.

Ua wote ukatoa macho. Hata kuku walisimama mguu mmoja hewani.

Mzee Lukas aliutazama mkono, akalitazama blanketi. "Ngoja. Huyu si yule wa sinema ya Makambako?"

"Ndiye!" Tabea akarukia. "Yule wa kushoto!"

"Kushoto wapi, mama? Nilikaa mbele kabisa. Alipiga kwa kulia."

"Mzee wangu, wewe ulimwona mgongo."

"Mgongo una nyota? Mgongo una pua?"

"Labda kwenu Tandala una pua!"

Wageni wakacheka, Ema akacheka huku analia, na sauti nyingine ikasikika ambayo nyumba ile ilikwisha kuisahau. Mika alikuwa anacheka, blanketi linapepea. Akautoa mkono wa kulia, ukiruka vilevile, akauweka kando ya wa kushoto.

"Jamani, msigombane. Yote hii hapa. Chagueni."

Mzee Lukas akaishika yote miwili kwa mikono yake miwili, akaitikisa mpaka kofia ikamdondoka. "Haya. Aliyekaa mbele na aliyekaa nyuma, wote waone sawa. Baba Ema, tumekuja kuomba mchumba."

"Karibuni ndani," akasema Mika. "Kuna baridi."

Arusi ilifanyika baada ya mavuno. Mkono haukuacha kutetemeka, ila Tabea aliutafutia kazi: alimpa Mika chekeche, akamketisha pale pale mbele ya mlango. Mkono ulichekecha wenyewe magunia saba ya unga kabla ya saa sita, na vumbi lake jeupe lilifunika Yakobi yote, watu wakadhani ni sakitu, umande ulioganda. Kila aliyepita alisimama kumsalimia, naye alimpa mkono wowote uliokuwa karibu. Waliondoka wote na unga viganjani.