Rangi ya Kucha Chini ya Gari

Hii kitu nitawaambia mara moja tu, na mtu akiniuliza tena kesho nitasema ni uongo. Najua mmeshasikia vipande vipande kutoka kwa watu (na hao watu nawajua, msidhani siwajui), kwa hivyo afadhali msikie kwangu mwenyewe, aibu yote, vile mtu mzima mwenye kazi na familia alisimama kwa timbo, yale machimbo ya mawe, huko Thika, matope mpaka magotini, akamwita mwenzake mwizi mbele ya watu, na mwizi hakukuwa.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa kushuku. Kazi yangu ni kukagua mizigo kwa godauni hapa Ruiru, na ukifanya hiyo kazi kwa muda unakuwa hivyo, ukifungua katoni macho inatafuta kile kimekosekana, si kile kiko. Mama Kui, bibi yangu, husema nikiletewa chai kwangu mwenyewe huwa naangalia kwanza ni nani ameimimina. Si kweli. Naangalia mara moja moja tu.

Sasa nina gari, fo-wili nzee hivi ambayo nimeipenda kuliko vile mtu anafaa kupenda chuma. Tuko na kikundi chetu cha kuzurura porini, watu wa Membley, wa Thika na wengine wa Juja, tunaenda mahali hakuna lami, tunakwama, tunavutana, tunarudi tumefurahi. Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Nyokabi, mama amestaafu ualimu na huendesha gari kwa mto kama anavuka kwenda sokoni. Mwaka huu tulikuwa tumepanga safari kubwa ya kwenda Turkana, na kwa safari kama hiyo huwezi kwenda bila fundi, kwa sababu huko ukivunjika springi utaita nani, mbuzi?

Fundi alikuwa Wafula. Ni jamaa wa Bungoma aliyekuja Thika kutafuta riziki, gereji yake ni plot ya kukodi tu kando ya barabara, bila hata paa, mvua ikija anaingia chini ya gari ya mteja. Lakini mkono wake! Ni mimi nilimpendekeza kwa kikundi, mimi kwa mdomo wangu. Na Mwalimu akasema sawa, tutamwona siku ya mtihani. Mtihani ni hivi: kabla ya safari ndefu, kila gari lazima ipande ile kilima ya timbo la zamani ng'ambo ya mto Chania, watu wakikaa kando na chapati na thamosi wakiangalia. Gari yangu ndiyo Wafula alikuwa ameijenga, kwa hivyo ikipanda vizuri, Wafula anaenda Turkana na sisi, na akirudi ndiye fundi wa kikundi chote, magari yote hayo, na hatimaye anaweka mabati kwa hiyo plot yake. Alikuwa ameniambia hivyo mwenyewe. "Bosi, hiyo ikiitika hata bibi nitamleta kutoka ocha, kule kijijini, tukae pamoja." Kwa hivyo mnaona vile ilikuwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kuinua gari, kuweka springi ngumu na shokamzoba mpya, zile za kuzuia gari isirukeruke kwa mashimo. Nilizinunua mwenyewe, orijino, nikazibeba kama mtoto mchanga. Na mnajua huku kwetu gari haiachwi kwa fundi. Unakaa hapo siku nzima kwa stuli, unajifanya unasoma simu, kumbe macho iko kwa mikono yake, kwa sababu ukienda tu kununua njugu, spea yako orijino imeingia kwa gari ya mtu mwingine na wewe umewekewa takataka iliyopakwa rangi. Kila mtu anajua hivyo. Shida ni kwamba siku hiyo nilikuwa naitwa kazini, siwezi kukaa.

Ndiyo nikaamua nitaweka alama. Nikachukua rangi ya kucha ya Mama Kui, nyekundu ile ya kung'aa, nikaweka kanukta kwa kila shokamzoba, huko chini kabisa karibu na tundu la bolti, mahali mtu haoni asipojua. Nikajiona mjanja! (Mama Kui alitafuta hiyo chupa siku mbili, na mimi nikamwambia pengine dada yake aliichukua alipokuja kututembelea. Msiniangalie hivyo.)

Jioni nikaenda kuchukua gari. Wafula alikuwa anatabasamu, ameinua gari ikakaa juu kama jogoo, na tena, sikilizeni hii, alikuwa ameiosha. Bure. Hajaulizwa. Sasa nyinyi niambieni, ni nani huosha gari ya mtu bure? Mimi hiyo kitu ilinishika hapa kifuani. Nikamwambia asante, nikaendesha mpaka nyumbani, na njia yote nikawa nawaza, huyu amenifanyia nini mpaka anataka nifurahi hivi?

Kesho yake, siku moja kabla ya mtihani, alasiri, nikaingia chini ya gari pale parking ya kwetu Membley. Majirani wakaanza kupita pole pole, soja wa geti akaja kuuliza kama nimepoteza kitu, nikamwambia aende alinde geti (na yeye mbona alikuwa anauliza uliza?). Chini kulikuwa na grisi na vumbi, sioni kitu, nikachukua kitambaa, nikakilowesha thina, ile ya kuchanganya rangi ya mlango, nikasugua vizuri, nikasugua mpaka chuma ikawa inameta. Hakuna alama. Nikasugua zote nne. Hakuna alama hata moja! Nikasema basi, pengine imejificha nyuma ya bolti, nikafungua bolti ya mbele kushoto, nikachomoa chuma yenyewe nje, nikasugua tena kila upande. Hakuna.

Wueh. Nililala hapo chini ya gari nikiangalia matumbo yake nikasema, Wafula, hata wewe. Nilikasirika mpaka macho ikawa na maji. Kisha mvua ikaanza, ile ya ghafla, nikarudisha chuma mahali pake, nikaingiza bolti, nikazungusha nati na vidole maana spana ilikuwa imeteleza ikaingia kwa mtaro, nikatupa kitambaa kwa buti ya gari bila kukiangalia, nikakimbia ndani. Nilijiambia nitakaza kesho. Lakini kesho kichwa changu kilikuwa kimejaa kitu kimoja tu, vile nitamshika huyo mtu mbele ya watu wote, na kwa hivyo sikukaza, wala sikukumbuka kama kuna kitu ya kukaza.

Asubuhi tukaenda, mimi na Mama Kui na chapati zake. Baada ya Juja nikasikia ko, ko, ko kutoka chini. Mama Kui akaniuliza, "Hiyo ni nini?" Nikamwambia, "Hiyo ni kazi ya Wafula." Na nikafurahi, haki, nilifurahi, kwa sababu ushahidi ulikuwa unajipiga wenyewe.

Timbo ilikuwa imejaa. Mwalimu Nyokabi kwa kiti chake cha kukunja, gari zimepangwa, watu wanakula, na Wafula amesimama kando amevaa ovaroli safi iliyopigwa pasi mpaka ikawa na mstari (mpaka leo nikifikiria huo mstari nasikia vibaya). Akanipungia mkono. Sikumpungia. Zamu yangu ikafika, nikaingiza gia nzito, nikapanda. Katikati ya kilima, pale penye mawe, kitu kikalia GO!, usukani ukajivuta, ile shokamzoba ikatoka chini, ikaning'inia, ikajichomeka kwa rimu, na gari ikasimama imeinama kushoto, gurudumu la nyuma hewani.

Halafu watu wakaanza kukimbia kuja.

Nilitoka nikaanguka kwa matope, nikasimama, na badala ya kuangalia gari yangu nikaangalia watu. Nikaanza kupiga kelele. "Mmeona? Mmeona sasa? Huyu mtu amebadilisha shokamzoba zangu! Niliweka alama, na alama hakuna! Ameuza zangu, akaniwekea makopo, na hata bolti hakukaza! Huyu ni mwizi, Mwalimu! Mlitaka kwenda na yeye Turkana atuue?"

Wafula alikuwa ameshafika na jeki mkononi. Alisimama. "Bosi," akasema, "mimi?"

"Usiguse gari yangu!"

Mwalimu Nyokabi akapiga magoti kwa matope, mama wa umri wake, akachungulia chini. Akatoka mikono imejaa grisi. "Bolti haiko," akasema. "Imetoka." Akamwangalia Wafula kwa muda mrefu, ile macho ya darasani. Watu wakaanza kunong'ona, mmoja akasema yeye alikuwa ameambiwa kitambo mafundi wa kando ya barabara si watu, mwingine akasema ndiyo maana hapeleki gari huko. Wafula anasema, "Mwalimu, nilikaza. Zote nilikaza na mkono wangu." Hakuna mtu anamsikia. Mwalimu akashusha pumzi. "Wafula, pole sana, lakini hii ni maisha ya watu. Kwa hiyo safari hatuwezi..."

Hapo ndipo Mama Kui, ambaye hajui kunyamaza wala kuona mtu mzima na mikono chafu, akafungua buti kumtafutia Mwalimu kitu ya kujipangusa. Akatoa kile kitambaa. Akakikunjua. Akakiangalia.

"Haiya! Baba Kui, hii ni rangi yangu ya kucha?"

Kitambaa kilikuwa na michirizi myekundu kutoka huku mpaka huku.

"Na inanuka thina," akasema akikinusa. "Uliitoa na thina? Kwani hujui hivyo ndivyo huwa inatoka?"

Jamani, niliwaza vitu vingi kwa wakati mmoja. Hata niliwaza pengine Wafula ndiye alichukua hicho kitambaa akakiweka kwa buti yangu. Ndiyo, hata hapo! Lakini Mwalimu Nyokabi alikuwa ameshageuka, na alikuwa haangalii Wafula tena.

"Baba Kui, na hiyo bolti ni nani aliifungua?"

"Labda... barabara, Mwalimu. Ile matuta ya Juja."

"Barabara gani?" Mama Kui akasema. "Si jana alasiri ulikuwa chini ya gari mpaka mvua ikakunyeshea, ukaingia umelowa ukisema spana imeingia kwa mtaro?"

Nikasema ni mimi. Nilisema polepole, na Mwalimu akaniambia niongeze sauti walio nyuma wasikie, kama mtoto wa darasa la tatu. "Ni mimi nilifungua. Nilisahau kukaza." Watu walicheka mpaka mtu mmoja akamwaga chai. Yule wa kusema mafundi wa kando si watu ndiye alicheka kuwashinda wote, huyo nimemwekea alama, na si ya rangi ya kucha.

Wafula hakucheka. Alichukua jeki yake akaja, akaniita. "Bosi, kuja hapa." Nikapiga magoti karibu na yeye. Akatoa bolti kwa boksi lake, akaniwekea mkononi niishike, niiangalie, kisha akaichukua akaingiza, akakaza, akanigeukia. "Umeona nimekaza?" Nikasema nimeona. Akazunguka gurudumu lingine. "Umeona hii?" Nimeona. Zote nne, moja moja, na watu walikuwa wameacha kucheka. Hiyo ndiyo ilikuwa aibu yenyewe, si ile ya kelele.

Wakamchukua. Turkana walienda na yeye, na mimi sikuenda (nilisema kazi imenibana, hakuna aliyeniamini, na ni haki yao). Picha nikaziona kwa grupu, Wafula amelala chini ya gari ya Mwalimu katikati ya mchanga, miguu tu inaonekana.

Waliporudi nilienda kwake. Mabati ilikuwa imeshapigwa, na chini yake mama mmoja anapika chai kwa jiko, akanipa kikombe kabla sijasema jina langu. Nikamwomba Wafula msamaha, maneno yote niliyokuwa nimepanga, na akanisikiza mpaka mwisho bila kunikatiza, akanishika mkono. "Nimekusamehe, Baba Kui. Hiyo iliisha." Nikashukuru, nikamwambia basi kesho namletea gari, breki zinalia.

Akatikisa kichwa.

"Wewe karibu wakati wowote, kunywa chai. Lakini gari peleka kwingine. Nikiishika nitakuwa naogopa, bosi. Siku yoyote nati itoke huko kwa barabara, mimi ni mwizi tena."

Nilimaliza chai. Nikamrudishia yule mama kikombe, nikaaga.

Sasa nimepata fundi mwingine, wa Mwihoko, naacha gari asubuhi narudi jioni. Sijaweka alama, sijachungulia, sijamuuliza mbona alinichekea sana jana, na nawaambia ukweli, si rahisi. Lakini niliapa siku hiyo nikitoka kwa Wafula, na nitashika kiapo. Afadhali niibiwe gari yote nibaki na funguo, kuliko kusikia tena mtu akiniuliza "Bosi, mimi?"