Mfereji Usio na Milango

Ijumaa moja Mutai alimngoja Miriam kando ya mfereji pale The Pearl, mtaa wa kitajiri hapa Doha. Miriam naye alimngoja Mutai kando ya mfereji, hapohapo The Pearl.

Hawakuonana. Na hakuna aliyedanganya.

Mutai analala kitanda cha juu, mimi cha chini, huku Abu Hamour. Kwa hivyo najua ninachosema.

Jamaa ni askari wa getini, Mkalenjin wa maneno machache. Doha ilikuwa imemkausha: kazi, basi, kitanda. Aliyekuwa akimuuliza "umekula?" ni mmoja tu, Miriam, dada wa Moshi anayelea watoto kwenye nyumba ya watu.

Walijuana kwa WhatsApp tu. Simu ya Miriam haina laini. Inategemea wifi ya madam, akitoka nje hapatikani.

Kiangazi mabosi walimbeba hadi Uingereza. Akatuma picha ya mto wa kuchimbwa, wa zamani, wenye milango mikubwa ya mbao, na ujumbe wa sauti.

"Kaka Mutai, mashua inaingia, wanafunga mlango nyuma yake, maji yanajaa, inapanda juu yenyewe! Nilitamani ungekuwepo."

Mutai aliisikiliza sauti hiyo hadi mimi nikaikariri. Alikuwa amependa, basi. Alitaka kumwambia kabla mkataba wa Miriam haujaisha.

Ukaisha. Miriam akaandika: "Jumapili narudi nyumbani moja kwa moja. Ijumaa mchana njoo Pearl, kwenye mfereji. Wa hapa hauna milango, lakini utatufaa."

Mutai akacheka. Kwao Kericho mfereji ni ule unaufungua unanawa mikono. Usio na milango basi ni wa nje, si wa chooni! Akapiga shati pasi, akaenda kusimama kando ya mfereji wa kumwagilia maua mpaka jua likamchosha.

"Nimechezwa, bro," aliniambia aliporudi. Alikuwa ameshambloki.

"Si ungoje akuambie nini ilihappen?"

"Zii. Wacha aende."

Akaenda.

Miezi ikapita. Siku moja Augustine, dereva Mtanzania, akampigia Mutai kumuuliza yuko wapi.

"Niko kwa mfereji, nanawa."

"Mferejini? Umetumbukia?" Augustine akaangua kicheko. "Hilo ni bomba, ndugu yangu! Mfereji ni kama ule wa Pearl, wenye madaraja na vimashua."

Ule sisi huku tunauita kwa jina lake la Kiarabu, Qanat. Shuleni Mutai alisoma Mfereji wa Suez, akapita mtihani, akasahau.

Hakucheka. Alimtoa Miriam kwenye bloki, akaandika mengi, yote aliyotaka kumwambia ile Ijumaa. Tiki moja. Kesho yake, tiki moja. Namba ile ya WhatsApp haitumiki tena, na nyingine hana.

Nilimsikia akilia.

Wenzangu, kuuliza si ujinga. Huyo unayetaka kumbloki leo, mwache kwanza aseme. Huenda na yeye alikungoja, akarudi nyumbani akijiuliza amekukosea nini.