Kikwembe cha Kwaya Juu ya Jiwe la Songo

Wenzangu, najua mnacheka mkinikuta njiani, msijifiche nyuma ya fulari zenu za kichwani, nimeshazoea. Tangu Jumamosi ile hata watoto wanaochota maji kwenye robine wananiita Koko wa Jiwe, yaani bibi wa jiwe, na minye mwenyewe nakubali, kwa sababu ni kweli nilining'inia mbele ya kwaya nzima, na mlichoona mliona. Basi niseme mwenyewe, kuliko kila mtu atie chumvi yake.

Iko hivi. Mjukuu wangu Nabintu, binti wa mwana wangu mkubwa, alikuwa mtoto wa kuachaacha. Alianza kushona akaacha, alianza kuimba akaacha, hata bugali alikuwa anaweza kuiacha katikati, mwiko umesimama ndani ya sufuria (nimeona kwa macho yangu haya). Halafu akaja moniteri mmoja kijana, mwalimu wa kupanda mawe, akawa anakusanya vijana wa mtaa kila Jumamosi asubuhi, anawapandisha juu ya mulima wa Songo pale kwenye jiwe kubwa, anawafunga mikanda ya kiuno na mapaja, anawatia kamba, anawafundisha kupanda. Nabintu akaenda, akarudi magoti yamechunika. Nikasema moyoni, huyu naye ameacha. Jumamosi iliyofuata akaenda tena. Na nyingine tena, na mvua ilikuwa inanyesha.

Baba yake, anayeendesha moto, pikipiki ya abiria, kati ya hapa na Kavimvira, hakulipenda jambo hilo. Msichana amevaa suruali, ananing'inia mbele ya wavulana, kwa faida gani? Akasema amekataza. Mtoto hakula, mpaka nikaingia katikati. Nikamwambia mwana wangu, moniteri ameita wazazi waje kuangalia, minye nitaenda, nitaangalia kama ni jambo la heshima. Akakubali. "Mama, utakachosema weye ndicho kitafuatwa." Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kukaa na kuangalia. Kukaa tu, jamani.

Sasa mnatujua sisi wamama wa kwaya, mmoja akialikwa wote tumealikwa, na kikwembe, kitenge cha kujifunga, ni cha aina moja. Tukapanda mulima na vikwembe vyetu vya bluu, mama pasta, mke wa mchungaji wetu, mbele na mwavuli wake. Na mdomo wangu ukaanza njiani. Nikasema mulima huu naujua, nilikuwa nashuka nao na kitunga cha muhogo mgongoni, mukanda kwenye paji la uso, mimba tumboni, na hakuna aliyenifunga kamba. Tulipofika kwenye jiwe nikarudia kwa sauti, ili vijana nao wasikie. Moniteri, mtoto wa adabu, akasema, "Koko, kama unapenda, unaweza kujaribu kidogo."

Pale ningesema magoti yananiuma, na leo nisingekuwa na habari ya kuwapa. Nikasema, "Leta kamba."

Akanieleza kwamba kikwembe hakipatani na ile mikanda. Nabintu akatoa ndani ya mfuko wake kaputula nyekundu ya kuchezea mpira ya kaka yake Bahati, yenye namba nyuma, nikaenda kuivaa nyuma ya mawe, nikafungwa mikanda juu yake. Lakini nilipotaka kutoka nikakumbuka mama pasta amekaa pale mbele. Basi nikachukua kikwembe changu nikakifunga juu ya yote, kamba ikawa inatokea kwa chini kama ya mbuzi aliyefungwa vibaya. Moniteri akajikuna kichwa, akasema kitanisumbua. Nikamjibu nilianza kufunga vikwembe mama yake hajazaliwa. Halafu nikaona anayeshika upande wa pili wa kamba yangu, ule uliozunguka juu ya jiwe ukarudi chini, ni Nabintu, na moniteri amesimama nyuma yake tu, anashika mkia wa kamba. Nikaona nimechelewa kukataa. Nilikuwa nimeshavaa kaske, ile kofia ngumu ya wapandaji, juu ya fulari.

Nikapanda. Nikavuta kwa mikono kama mtu anayechota maji kisimani, na mikono ikaisha nikiwa nimepita kidogo urefu wa mlango. Mguu ukakanyaga pindo la kikwembe, fundo likaanza kulegea, nikalishika kwa mkono mmoja. Ninyi ambao hamjapanda, mjue kwamba jiwe linataka mikono yote miwili. Nikateleza, nikazunguka hewani kama nyama kwenye mizani, kaske ikashuka machoni. Chini nikasikia "Yesu," halafu nikasikia kicheko, na mama pasta ndiye aliyecheka mpaka mwavuli ukabingirika. Nikaomba Mungu kwa sauti, na katikati ya maombi nikamtukana moniteri kwa Kifuliiru ili asielewe (kumbe ni Mufuliiru wa Luvungi, alielewa neno kwa neno).

Wakataka kunishusha, ikashindikana. Kikwembe kilikuwa kimenasa kwenye pembe ya jiwe, na minye nimekikamata. Moniteri akasema nikiachie. Nikakataa. Jua likapanda, ziwa lote liko wazi chini yetu mpaka milima ya Burundi, na minye nimening'inia pale na kitambaa mkononi. Ndipo nikamwona mwana wangu anatokea kwenye njia, amekunja mikono kifuani, anaangalia. Nikajua basi, Nabintu amekwisha, na ni minye nimemmaliza.

Nabintu hakugeuka kumwangalia baba yake. Akasema polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Koko, minye siachii kamba. Hata ukikaa pale mpaka jioni nitashika. Ila weye achia kikwembe."

Nikasukuma kaske nimwone. Wote walikuwa wanacheka, wenzangu, vijana, hata wapita njia wenye magunia ya makala ya kupikia kichwani. Yeye hapana. Jasho lilikuwa linamwingia machoni na hakulifuta, maana angelifuta kwa mkono gani?

Nikaachia. Kikwembe kikashuka chenyewe, kikamfunika mama pasta. Minye nikabaki na kaputula nyekundu na namba yangu nyuma. Lakini miguu ilikuwa imefunguliwa, ikaona mahali pa kukanyaga. "Hatua ndogo, koko," akasema, "kama ulivyotufundisha kubeba muzigo." Nikapanda kwa miguu, hatua fupi fupi, bila kuangalia juu. Sikufika kileleni, asiwadanganye mtu. Nilifika kwenye ufa ulio katikati ya jiwe, nikaugusa, nikasema sasa nishusheni.

Tukashuka mulima, mwana wangu nyuma yangu. Karibu na moto yake akaniuliza, "Sasa Mama, ile ni heshima?"

Nikamwambia heshima yangu iliangukia kichwa cha mama pasta, amuulize yeye. "Lakini mikono ya mtoto wako uliiangalia?"

Akamwita Nabintu, akamwambia afungue viganja. Kamba ilikuwa imechora alama nyekundu kila upande. Akaviangalia sana, halafu akamwambia apande moto. Kabla ya kuwasha akauliza, bila kugeuka, "Jumamosi mnaanza saa ngapi?"

Kwa hiyo chekeni. Minye nimeapa, nikialikwa tena nitakaa chini ya mwavuli na mdomo wangu nimeufunga, na mulima sitausema tena kuwa ni wangu mbele ya watoto wanaoupanda. Na mkiona kaputula nyekundu imeanikwa kwangu, ni ya Bahati. Niliifua nikamrudishia, akaikataa.